Taa ya Saa Nane

Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema.
Waje Njombe mwezi wa saba.
Wingu litawapita mlangoni kama mgeni wa jirani,
litakaa barabarani hadi saa sita,
kisha liondoke, na tone hata moja hujaliona.

Nayasema haya kwa sababu na mimi
nilikuwa mtu wa dalili.

Dirisha la Tasiana Mlowe latazamana na langu.
Kati yetu pana ua wa mianzi na karo la kufulia.
Saa nane usiku, mtaa mzima umejikunja
chini ya mablanketi mawili mawili,
taa yake inawaka.
Nyekundu. Si nyeupe kama taa za watu.
Na kivuli chake kinainama, kinainuka, kinainama.

Asubuhi nampa "kamwene", hajibu.
Anapita na ndoo, macho mbele.
Nikajumlisha: mjane, taa nyekundu, kiburi.
Hesabu ikatoka vizuri mno.

Dukani kwa Nyagawa nilianza kwa kukohoa tu:
"Yule mama halali, sijui..."
Hiyo "sijui" yangu ilifika sokoni kabla yangu,
ikarudi jioni imenenepa, ina pembe na mkia,
nami nikaishangaa kana kwamba sikuizaa mimi.

Ndipo ukaja usiku ule, sakitu imelala juu ya viazi,
umeme umekatika,
na mlango wangu ukagongwa.
"Ponsiano, una mkaa? Watanifia."

Watakufia akina nani?

Nilibeba gunia. Miguu ilisitasita kizingitini,
naungama.
Ndani: maboksi ya televisheni, matandiko ya maranda ya misindano,
na vifaranga mia mbili wamelundikana
chini ya balbu iliyozimika.
Nyekundu, kwa sababu kwenye mwanga mweupe
wanadonoana hadi damu.
Kuinama ni kuwatawanya. Kuinuka ni mgongo kuuma.
Basi.

Tukapuliza jiko, yeye huku, mimi kule.
Nikamwuliza jambo, akageuza kichwa kizima:
"Sema upande huu. Hili la kushoto lilikufa na kwinini."
Nyumba yangu iko kushotoni kwake anapotoka.
Miaka mitatu nimelisalimia sikio la marehemu.

Kisha akaniwekea kifaranga kiganjani, nikipashe moto,
akasema bila kunitazama:
"Wala sijakushukuru.
Tangu mume wangu aondoke, kila nikiamka nakuona dirishani.
Nikasema, Mungu hakuninyima mlinzi.
Ndiyo maana komeo silifungi."

Hapo ndipo palipohitaji ufafanuzi.
Ulimi ulikuwa tayari.
Kifaranga kilikuwa kinatetemeka,
au ulikuwa mkono.
"Haya," nikasema. "Haya, mama."

Siku hizi nasalimia upande wa kulia.
Dukani nimeeleza: ni vifaranga, jamani, vifaranga.
Wengine wamecheka, wengine wameamini,
na Nyagawa, akipima sukari, akauliza taratibu:
"Na wewe saa nane usiku ulifuata nini humo ndani?"

Naiona "sijui" yake ikivaa viatu.
Iende. Njia inaijua.

Usiku naamka. Nasimama dirishani,
blanketi mabegani, kioo kikipata ukungu wa pumzi yangu.
Taa inawaka. Kivuli kinainama, kinainuka.
Kwa mtu aliye nje
hakuna kilichobadilika.