Safu ya Sababu

Kitabu cha rufaa kina safu kumi na moja.
Ya tisa imeandikwa: Sababu ya kuchelewa.
Upana wake vidole vitatu,
tena vyangu, vyembamba.

Naandika: usafiri.
Neno linaenea. Inabaki nafasi ya nukta.

Lakini usafiri ulikuwepo, wallahi.
Lori la Shaame Kai lilisimama Maziwang'ombe
tangu magharibi, limeshiba kokoto na dizeli,
na kokoto zile, nusu yake kwa uchache,
Kazija ndiye aliyeziponda
ndani ya kibanda cha makuti,
mguu huku, mguu huku, tumbo katikati,
nyundo haikupumzika
mpaka chupa ikapasuka, akadhani ametota jasho.

Gari la wagonjwa? Lipo. Limeoshwa.
Dereva alinionesha mshale wa mafuta
kama mtu anayeonesha jino bovu.

Basi tukampakia Kazija juu ya kokoto zake.
Jamvi, juu ya jamvi godoro la wodini,
nami nimepiga magoti ubavuni, glovu mkononi,
nahesabu uchungu kwa saa ya simu.
Kila shimo aliita, "Mama yangu we!"
Baada ya Finya hakuita tena.

Wete, taa zinawaka, kitanda kipo,
mtu wa ganzi yuko Unguja, semina.
Tukageuza lori.
Chake walitupokea mbio, Mungu awalipe,
wakauliza kundi la damu, wakafungua friji,
wakafunga friji.
Mlinzi wa getini akakunja mkono wa shati:
"Mie O. Toeni."

Vidole vitatu.

Zuwena, niliyesoma naye, sasa yuko Mnazi Mmoja.
Usiku ule ule alinitumia ujumbe wa sauti,
niliusikiliza alfajiri, mgongo ukutani:
"Shoga, leo nimekasirika!
Lifti imekwama, mama kakaa dakika saba chini,
dakika saba, unaona mambo hayo?"
Nikaona.
Simlaumu, dakika saba ni nyingi,
najua kinachoweza kutoka ndani yake.
Ila nilihesabu zangu: saa saba na ushei,
nikafuta jibu mara mbili,
nikamtumia, "Pole."

Safu ya kumi: Mama. Natia alama ya vyema.
Ya kumi na moja: Mtoto.
Kalamu hapa hugoma, siku zote hugoma hapa,
naichora pembeni ya ukurasa hadi itoe wino.
Alikuwa wa kike. Nywele nyingi.
Kwa hesabu ya wilaya mwezi huu tumefanya vizuri,
kifo cha mama: sifuri.
Tumepigiwa simu ya pongezi.

Baada ya arubaini alikuja, amevaa kanga mpya,
viganja bado vina sugu za nyundo.
"Nnataka kupumzika," akasema. "Miaka mitatu, minne.
Mume wangu nishamwambia. Kasema sawa,
kanitumia na nauli."
Nikafungua kabati ingawa nilijua.
Sindano zimeisha tangu Mfunguo Tatu,
vijiti viko bohari, bohari iko Unguja,
boksi letu linangoja saini, saini inangoja meli.
"Njoo Jumatatu," nikamwambia.

Hakukasirika. Alifunga kadi yake ndani ya kitambaa,
akakaza fundo kwa meno,
akaniangalia kama anayeuliza bei ya samaki:
"Jumatatu ya huku, au ya Unguja?"

Usiku nimerudi kwenye kitabu.
Usafiri nimeukata mstari mmoja, taratibu,
nikageuza karatasi, upande usio na safu,
nikaanza na nyundo,
nikaandika mshale wa mafuta, friji, semina,
nikaandika mkono wa mlinzi, maana na wema una haki,
nikaandika nywele nyingi.

Kesho karani wa takwimu atakuja na mashine yake.
Hutoa nakala upande wa mbele tu.