Zamu ya Hewa

Risiti inasema kumi.
Lumbasi wa kampuni, mwenye matope ya Lurambi viatuni,
amesimama hatua mbili kutoka kwenye ruta,
akapima kwa simu yake mpya,
akanionyesha mshale ukigonga kumi na kutulia pale
kama mbuzi aliyefungwa.
"Mama Muhonja, intaneti yenu haina neno."

Sebuleni haina neno.

Chumbani kwa Muhonja ni sita mlango ukiwa wazi,
nne ukifungwa. Na msichana wa miaka kumi na saba
hafungui mlango.
Mezani kwangu, ninaposahihisha insha za kidato cha pili,
kompyuta niliyoinunua mwaka wa ule mgomo mrefu
hupata mbili unusu na kushukuru.
Haisikii, anasema Lumbasi, ile sauti nyembamba
yenye mbio, inayogonga ukuta ikakata tamaa.
Inasikia ile nene tu, ya zamani,
inayopenya matofali ikihema,
na ambayo majirani wote wameirukia,
kila nyumba na ruta yake, kila ruta na kelele zake.

Hayo nimeyaelewa upesi.
Nimefundisha watoto sitini na wawili kwa koo moja hili.
Najua wa mbele hupata pembetatu nzima
na wa nyuma, mvua ya saa tisa ikishuka juu ya mabati,
hupata pembe mbili, ya tatu akajibunia.
Sauti ilitoka ileile.

Nisilolijua ni zamu.
Kwamba hewa ni moja, na ruta husema na mmoja mmoja;
kwamba aliye mbali, mzito wa kusikia,
husemewa polepole, hurudiwa, hurudiwa tena,
na wenye mbio wote, na vioo vyao vinavyong'aa,
hukaa kimya mpaka aliyenyanyua mkono ashike.

"Kuna kifaa kimoja," Lumbasi akasema,
akiteremsha orodha kwa kidole gumba.
"Kiko mbali sana. Hicho ndicho kinachowala."

Tukatoka. Tukapita tangi la maji
(maji nayo huinywa, akasema, sikujua kama ni mzaha),
tukapita kamba ya nguo, banda la kuku,
tukainama mlangoni pa jiko la Kukhu:
ukuta wa udongo, bati limekolea masizi,
na simu yenye ufa, imeegemea mkebe wa majani chai.

Mazishi. Shinyalu, moja kwa moja.
Kukhu hakosi. Magoti yalipokataa kupanda bodaboda
alianza kuzika kwa simu:
Alhamisi Khayega, Jumamosi wawili, Malava na Butere,
na daftari la michango liko chini ya mto,
majina na mia mbili mbili.

Picha imeganda. Kaka wa marehemu,
koti kubwa kumshinda, mkono juu, mdomo wazi,
na kiduara kinamzunguka usoni kama nzi.

Lumbasi akaninong'oneza: inaweza kufungiwa.
Kubonyeza mara moja tu,
nyumba kubwa ipae.

Muhonja alikuwa nyuma yetu. Ametoka chumbani mwenyewe,
kwa hasira, soksi moja, simu mkononi.
"Kukhu, imekwama. Si uizime?"

Kukhu hakugeuka. Alisukuma ukuni ndani,
akapuliza, akafuta jicho lililoingia moshi,
au lililoingia Shinyalu.
"Haijakwama. Mtu anamzika nduguye.
Mwacheni avute pumzi."

Muhonja akatazama simu yake mpya. Humo jikoni
ilikuwa na nusu. Nusu ya moja.
Akavuta kigoda.

Mkono wa yule mtu ukashuka kidogo,
ukaganda tena.
Lumbasi, ambaye alikuwa na nyumba nyingine tatu za kufika kabla ya mvua,
akavua kofia.