Kucha

Siku ya kwanza Manusos hakunipa lira.
Alinishika mkono, akaugeuza,
akazitazama kucha zangu kama atazamavyo plagi iliyoungua.
"Za mfamasia," akasema. "Fupi mno.
Rudi zikiota."

Nikarudi baada ya wiki tatu.
Gereji yake iko chini ya kanisa, juu kabisa mlimani Krete,
matairi mlangoni, paka ndani ya matairi,
na lira imetundikwa katikati ya mikanda ya feni:
nyuzi tatu, tumbo la mti wa mforosadi,
ndogo kama mtoto aliyesusa kukua.
Unaikalisha wima juu ya paja.
Uzi huukandamizi kwa ncha ya kidole,
unaugusa ubavuni, kwa ukucha,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

Nilikuwa na miaka arubaini na mmoja.
Nilikuwa na daftari.
"La nini hilo?"
"Nitaandika noti."
Akalichukua, akalisukuma chini ya mguu wa benchi
uliokuwa ukiyumba tangu enzi za baba yake.
Liko pale mpaka leo.

Hakueleza kitu. Alipiga,
akatazama pembeni, akapiga tena.
Ilinibidi niibe.
Na nilichoiba Jumanne, Jumatano kimenitoka,
dukani, katikati ya kuhesabu vidonge vya presha
vya Bibi Garifalia.
Nikikosea, Manusos alipenga kamasi.
Nikikosea sana, alirudi chini ya gari,
na miguu yake miwili ndiyo iliyonisahihisha:
"Hapana. Hapo umepumua.
Hapo hapana mtu anayepumua."

Kidole chake cha pete kilipondwa na jeki zamani.
Hufika kwenye nota ya nne kimechelewa,
mgeni aliyepotea njia na haombi radhi.
Mimi nikainyoosha ile nota.
Nikaileta kwa wakati wake, safi, kama dozi.
Nikangoja sifa.

Dada yake Arghiro alikuwa jikoni, ng'ambo ya ua.
"Njoo na hilo dude," akaniita.
Akacheza peke yake juu ya vigae, ndala miguuni,
mikono imejaa unga hadi viwiko,
mimi nikikwangua kando ya jiko.
Ilipofika nota ya nne akasimama ghafla.
"Umenitumbukiza shimoni.
Hapo mguu hungoja. Kijiji kizima tunangoja hapo,
miaka thelathini. Hata vitoto."
Baba yao aliwanyima wasichana lira,
basi yeye aliisikiliza kwa visigino.
Anazijua nyimbo zote.
Kucha zake amezikata hadi nyamani.

Nikamwambia Manusos nimeelewa.
Akafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta,
na kwa mara ya kwanza akafungua kinywa pasipo kulalamika,
akaimba beti moja, huku akikagua betri ya mtu:

*Ukiiba iba yote, na kosa la kidoleni;
siku nisipokuwepo, nitakaa humo ndani.*

Kisha akaniuliza kama ninaweza kumpatia dawa ya viungo
bila cheti.

Harusi ya mtoto wa mfugaji, mwezi wa Agosti.
Saa tisa za usiku vidole vyake vikagoma.
Hakunitazama. Aliniwekea lira pajani,
bado ina joto la tumbo lake,
akaenda kutafuta maji.
Watu arubaini wameshikana mabega.
Nota ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Nikachelewa.
Miguu arubaini ikabaki hewani,
Arghiro amefumba macho katikati ya mstari,
na nilisikia, naapa, jeki ikiteleza,
kijana wa miaka ishirini akitukana gizani,
halafu miguu yote ikatua.

Tulipiga usiku kucha. Kukakucha.
Nikafungua duka saa mbili, sijalala.
Bibi Garifalia aliviangalia vidole vyangu vikihesabu vidonge,
ukucha wa kidole cha pete umevunjika,
akauliza kama sina dawa ya kuotesha.
Nikamwambia sina.
Ni wiki tatu.