Saa Ngapi Huwa Dhambi

Jumapili ya pili ya Machi, ukungu haujaondoka Kidabaga.
Tumebaki watatu kwenye chumba cha nyuma,
mimi mhazini, mzee Kikoti, na Eda anayeandika,
tunahesabu sadaka juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi
uliotegeshewa kitabu cha nyimbo kilichochanika.

Sarafu kwanza. Kisha mahindi, mayai,
na jogoo aliyekosa mnunuzi, maana mvua ilivunja mnada.
Kisha noti.

Noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne.
Nikaikunjua, ikakunjuka na harufu yake.
Aliyezaliwa huku huijua harufu hiyo
kabla hajaijua sabuni:
mwanzi mbichi, chachu, moshi kidogo.

"Ya mama Tulinagwe hiyo," akasema Kikoti,
akiishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.
"Irudishwe."

Mama Tulinagwe ametengwa tangu Januari.
Hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango,
na tukisimama kwenda mezani kwa Bwana
yeye huinama, hufunga upya kitenge ambacho hakijalegea.
Ana mianzi arobaini na moja bondeni, urithi wa mumewe.
Alfajiri hushuka na kisu, hukata ncha, hutundika mbeta,
jioni hushuka tena.
Mwanawe yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili.
Mgema huyu hasifiwi na mtu; labda ndiyo maana
ulanzi wake hautiwi maji.

Saa moja asubuhi ni togwa. Mtoto hunyweshwa,
mchungaji mwenyewe akipita hupewa kikombe, hunywa,
husema Mungu ametujalia nchi njema.
Saa sita unaanza kuuma ulimi.
Saa kumi na mbili ni mkangafu, na watu wanaongea na ng'ombe.
Ni maji yale yale, ndoo ile ile,
hakuna aliyeongeza kitu isipokuwa jua.
Basi niambieni, wazee: dhambi ilipita saa ngapi,
ikaingia kwa mlango upi,
na sisi tulikuwa tunatazama wapi?

Nilitaka kuyasema haya. Mfukoni nilikuwa na ufunguo
wa kabati ambamo chupa tatu za divai ya Dodoma
zimelala ubavu, zikingoja Pasaka.

Lakini nami nina Lusungu.
Mdogo wangu, fundi wa paa,
mkono wake uliona msumari hata gizani.
Juni ile ya baridi alitoka kilabuni akiimba pambio,
tukamkuta asubuhi kwenye mtaro wa barabara,
umande umeganda juu ya nyusi zake
kama unga wa mtu aliyetoka mashineni.
Paa la kanisa hili aliliezeka yeye. Halivuji.
Kwa hiyo msinifundishe mimi furaha ya arusi ya Kana.
Mitungi sita naijua. Sijui tu
aliyelewa usiku ule, nani alimsindikiza kwao.

Eda akainua kalamu. "Niandike nini?"
Mvua ikapiga bati.
Jogoo akanya sakafuni, Kikoti akatafuta leso.

Nikainyoosha ile noti kwa kiganja,
mara moja, mara ya pili, kona moja ikakataa kulala.
"Andika elfu kumi. Na jina andika lake lote."
"Na mezani je?" akauliza Kikoti.
Nikafunga sanduku.

Jioni nikashuka bondeni, saa kumi na moja, saa mbaya.
Kamwene. Kamwene.
Akafuta kigoda kwa kitenge, akanimiminia.
Nikakishika kile kikombe muda mrefu.
Povu likapungua. Nzi akatua ukingoni, akaondoka,
akarudi.
Juu yetu mianzi ilikuwa ikidondosha, tone, kimya, tone.
Mama Tulinagwe akanitazama, kisu bado mkononi.

"Unakunywa, mhazini," akasema, "au unahesabu?"