Maoni Yaliyolowa

Halmashauri ilinipa kisanduku cha bati,
zamani cha biskuti za Krismasi,
kimetobolewa mdomo kwa bisibisi.
"Kiweke mlangoni, vijana waandike
wanataka bwawa lipanuliwe vipi."
Mimi ndiye mlinzi wa bwawa. Nina miaka kumi na tisa,
filimbi shingoni, kandambili miguuni,
na huko nje theluji inaanguka kwa ubavu.

Bwawa la Grænuvík lina mita kumi na sita na nusu.
Maji hutoka ardhini yakiwa moto tayari,
yananuka yai lililosahaulika,
nasi harufu hiyo hatuisikii tena
mpaka mgeni akunje pua.
Kando yake kuna beseni la saruji, duara:
watu sita hukaa vizuri; wa saba
hukalia goti la mtu.

Mchoro wa upanuzi wameubandika ukutani.
Mitelezo mitatu iliyojisokota kama utumbo,
mgahawa wa vioo, maegesho ya mabasi,
na watu waliochorwa bila nyuso, wembamba wote,
wote wakitazama upande usio na mlima.

Siku ya kwanza Bersi aliandika: MTELEZO.
Siku ya pili: MTELEZO. Ya tatu pia.
Naujua mwandiko wake, umelalia kushoto
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.
Ana miaka kumi. Kwake maoni ni mlango:
unabisha hadi mwenyeji achoke.

Hallbera hakuandika. Alisema, kidevu kikiwa majini:
"Humu huwezi kumnunia mtu.
Ukinuna, goti lako linagusana na lake.
Wakijenga beseni la watu arobaini
kila mmoja atapata kona yake ya kununia."
Kisha akazama, maana aliyekuwa mbele yake
ni dada yake, na hawajasemezana tangu Oktoba.

Na Kacper, ambaye mama yake
hukata minofu kiwandani:
"Ongezeni saa, si mita.
Mama anatoka kazini saa tatu usiku.
Nyinyi mnafunga saa mbili na nusu.
Mwaka wa nne huu tunasikia maji yenu
kupitia dirisha la jikoni."

Jumapili mtoto wa nani sijui
alidhani kisanduku ni meli.
Nilikiopoa kwa wavu wa kuondolea majani.
Karatasi nikazitandaza juu ya mabomba ya joto,
pamoja na soksi zisizo na wenyewe,
na zilipokauka zilikuwa zimeshikana:
mgongoni mwa saa tatu za Kacper
paligandamana MTELEZO, kinyumenyume.

Ya Kolfinna ndiyo iliyonikalisha chini.
Darasani kwao walikuwa kumi na mmoja, wamebaki wanne,
na yeye anaondoka Agosti.
*Jengeni kitu, nipate sababu ya kurudi.*
*Msijenge kitu, nikirudi nipatambue.*
Sentensi moja aliikata kwa mstari,
lakini wino ulitembea,
na sasa zote mbili zimekatwa nusu.

Nilizipeleka hivyo hivyo, zimejikunja kama maganda.
Diwani akavaa miwani.
"Wangapi ndiyo? Wangapi hapana?"
Nikamwambia sijui kuhesabu kwa namna hiyo.
Akaandika: *Vijana wanaunga mkono.*
Akaniuliza kama nami nina neno.
Nikasema nina zamu.

Jumatatu, saa mbili na nusu,
niliitia filimbi mdomoni
nikaiacha hapo, baridi, kama kijiko.
Dakika zikapita. Hakuna aliyeuliza.
Bersi alikuwa akiteleza kwa tumbo kwenye vigae vilivyoganda,
jambo ambalo kanuni zinakataza.

Saa tatu na robo mlango ulifunguliwa.
Mwanamke, taulo kwapani, magamba ya samaki kwenye mkono wa koti.
Akauliza kwa lugha yetu, polepole, kama bado kuna nafasi.

Nikamwambia Hallbera asogeze goti.