Neno Lisilo na Maana

Kesho mkaguzi yuko shuleni, hapa Pasua,
na saa yake ya kuhesabu sekunde.
Nimekata boksi la sabuni vipande,
nimeandika kwa chaki ya kushonea:
nga, ng'a, mbwe, nywe.

Aikande anasoma, mguu wangu u kwenye cherehani.
Ng'ambo amevuka.
Kwenye nywele amenasa, anarudi, anatoka.

Kisha yale ya kubuni, maana mtihani unayo:
golu. fepa. dusha.

"Dusha ni nini, baba?"
"Si kitu. Soma tu."

Anakunja uso. Mvua ya Moshi, bila hodi,
inashuka juu ya bati.

"Hiyo," anasema. "Inadusha."

Nikaiacha sindano katikati ya pindo la mtu,
nikasikiliza.
Kweli, ilikuwa inadusha.