Gramu Mia

Miaka kumi na mmoja nauza pilipili pale Mbuyuni, Moshi,
mafungu ya mia mbili, kijani kibichi, vikonyo vyake bado vigumu,
na sijawahi kutia hata moja kinywani.
Mikono huniwasha mpaka usiku.
Nikijisahau nikafikicha jicho, majirani hudhani nimefiwa.
Hiyo ilinitosha.

Juzi nesi Eliaichi akanivuta kope ya chini,
akachungulia kama fundi anayepima oili.
"Tisa nukta moja. Damu imepungua, mama. Unakula nini?"
Maharage, nikasema. Mnafu. Na chai.
"Chai saa ngapi?"
Saa hiyo hiyo, nesi: kikombe mkono huu, kijiko mkono huu.

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Chuma kimo ndani ya maharage, akasema,
ila ni mgeni mwenye haya, hasukumi mlango.
Chai humwekea komeo.
Vitamini C humshika mkono, ikamwingiza hadi jikoni.
"Na wewe unauza nini?"

Nikatazama ndoo yangu.

Gramu kwa gramu, akasema, pilipili mbichi hulipita chungwa, tena mbali.
Mimi ni mtu wa mizani, nikahesabu kwa vidole:
gramu mia ni mafungu matatu.
Nani amalize mafungu matatu abaki na ulimi?
"Nani kasema mia? Moja, mbili, uzikatie juu ya sahani.
Usizichemshe, moto utaila hiyo vitamini kabla yako.
Na vidonge hivi umeze. Pilipili si hospitali."

Jioni nikaipua maharage.
Nikakata moja, vipande vyembamba kama kucha za kitoto,
nikakwangua ule utando mweupe, maana ukali hulala humo.
Ndelilio akaniangalia: "Leo duka linajila lenyewe?"
Sikuweza kumjibu.
Machozi. Kamasi. Sikio la kushoto likavuma, sijui kwa nini la kushoto.
Halafu moto ukashuka, na chini yake kukawa na ladha,
mbichi, kama bua la mgomba linapokatwa.
Miaka kumi na mmoja, na sikuijua.

Pilipili usiyoila, yakuwashiani?
Aliyesema hivyo hakuwahi kuzipanga mafungu.
Mimi zimeniwasha bila kuzila,
basi afadhali sasa ziniwashe zikinilipa.

Chai nimeihamishia saa kumi.
Bado naipenda.